Tumbo limetulia, lakini kipimo cha siliaki bado kiko juu: mwili unaficha nini?

"Daktari, nina miaka 34. Miezi 9 iliyopita niligundulika kuwa na ugonjwa wa siliaki baada ya kusumbuliwa na upungufu wa damu kwa muda mrefu. Nilikuwa nameza vidonge vya madini ya chuma na damu haipandi. Siku hiyohiyo niliacha mkate, keki na tambi. Mwezi haukuisha, nikapata nguvu, hata tumbo lililokuwa likijaa gesi kidogo likatulia. Sasa nimerudia kipimo cha damu, naambiwa kimeshuka lakini bado kiko juu ya kawaida, na uchovu umeanza kunirudia. Nyumbani ni mimi peke yangu ninayekula hivi. Mume wangu na watoto wetu wawili wanakula mkate kila asubuhi. Mama mkwe anasema najidekeza, kwamba kipande kidogo siku ya sherehe hakiui mtu. Na kweli, mara mbili nimeonja keki na sikusikia chochote. Kuna ubaya gani kama mwili hausemi? Ni lazima niwe na vyombo vyangu? Na mtoto wangu wa miaka 6 analalamika tumbo mara kwa mara. Nimwachishe ngano na yeye?"

Dada yangu, nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lisiloweza kusubiri. Usimwachishe mtoto ngano kwa sasa. Sisemi kwamba hana siliaki, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utumbo kwa sababu ya gluteni, protini iliyomo katika ngano. Huenda anao. Ndugu wa damu wa karibu, yaani mzazi, mtoto au ndugu wa kuzaliwa pamoja na mgonjwa, wana uwezekano wa takriban 1 kati ya 10 wa kuwa na siliaki, wakati kwa watu wote kwa ujumla ni kama 1 kati ya 100. Kwa hiyo tumbo la mwanao linastahili kupimwa, tena mapema. Shida ni kwamba kipimo cha damu kinatafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza kwa sababu gluteni inaingia. Ukiiondoa gluteni, kingamwili zinashuka, utumbo unaanza kupona, na kipimo kinasoma safi kwa mtoto ambaye ni mgonjwa. Wazazi hufanya hivyo kwa mapenzi, halafu wanalazimika kumrudisha mtoto kwenye mkate kwa wiki kadhaa, huku tumbo likimuuma, ili tu apimike.

Akapimwe kingamwili za aina iitwayo IgA dhidi ya kimeng'enya kiitwacho transglutaminasi, na pamoja nazo kipimwe kiasi cha IgA yote iliyomo mwilini. Hilo la pili lisisitize, kwa sababu mara nyingi husahauliwa. Wapo watu ambao miili yao haitengenezi IgA ya kutosha, na miongoni mwa wenye siliaki wako wengi zaidi. Kwao kipimo cha kwanza kikiwa peke yake kinaweza kudanganya. Yule mtoto wako mwingine naye apimwe hata kama halalamiki, vivyo hivyo wazazi wako na ndugu zako. Majibu yakiwa safi leo, hayajafunga mlango wa kesho: ugonjwa huu unaweza kujitokeza katika umri wowote. Kipo pia kipimo cha jeni. Asiye na jeni ziitwazo DQ2 wala DQ8, karibu hakika hatapata siliaki. Lakini aliye nazo asihukumiwe, kwani takriban theluthi moja ya watu wanazo na wengi wao hawataugua kamwe.

Sasa tuje kwako. Unaniuliza kuna ubaya gani kama mwili hausemi. Hebu kumbuka ulivyogundulika. Hukuja hospitali kwa sababu ya tumbo, ulikuja kwa sababu ya damu. Ugonjwa wako ulikula utumbo kwa muda mrefu na tumbo likanung'unika kidogo tu. Tumbo ambalo halikukuonya wakati ule, kwa nini uliamini sasa likikuambia keki haikukudhuru?

Nikueleze kinachotokea ndani. Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, nafaka ya jamii ya ngano. Protini nyingi tunazokula hukatwakatwa na vimeng'enya hadi kuwa vipande vidogo kabisa. Gluteni ni ngumu. Hata kwa mtu mzima wa afya, baadhi ya vipande vyake virefu hupita bila kukatika. Kwa watu wengi vipande hivyo hupita tu bila madhara. Kwako wewe, vikipenya ukuta wa utumbo, vinakutana na ile transglutaminasi, inavibadilisha kidogo umbo, na katika umbo hilo jipya vinanasa barabara kwenye protini zinazotokana na jeni zako za DQ2 au DQ8 kama ufunguo kwenye kitasa. Hapo askari wa kinga wanaamini wamemwona adui. Wanashambulia, na kinachoumia ni ukuta wa utumbo wako mwenyewe. Ndiyo maana siliaki si mzio wa ngano. Mzio unaweza kukufunga koo ndani ya dakika chache. Siliaki inakuchimba taratibu.

Ukuta wa utumbo mwembamba una vijidole vidogo mno, mamilioni, vilivyosimama kama manyoya ya taulo. Vijidole hivyo ndivyo vinavyonyonya chakula. Shambulio likiendelea vinafupika hadi ukuta unabaki bapa, taulo limekuwa shuka. Sehemu inayoumia zaidi ni ile ya mwanzo, mara tu baada ya tumbo, na hapo ndipo mwili unaponyonya madini ya chuma. Sasa unaona kwa nini vidonge vyako havikuwa vikipandisha damu. Dawa ilikuwa inafika mlangoni na mlango haupo.

Maumivu na uharibifu haviendi sambamba, hilo nataka likukae. Wapo wanaokula chembe ya mkate wakatapika usiku kucha, na wapo wanaokula kipande kizima wasisikie kitu, nao ukiwapima kwa kamera inayopitishwa mdomoni hadi utumboni, vijidole vya wote wawili vimelala. Wewe uko upande wa pili. Kwa namna fulani hali yako ni ngumu kuliko ya yule anayetapika, maana yeye ana mlinzi wa kumkemea na wewe huna. Mlinzi wako ni kipimo cha damu.

Je, zile mara mbili za keki ndizo zilizobakiza kipimo juu? Sidhani. Mara mbili katika miezi 9, hata kama sizibariki, haziwezi kueleza kila kitu. Kuna maelezo mawili yanayoelekea zaidi. La kwanza ni jema: kipimo kilichoanza juu sana huchukua muda kushuka, wengine mwaka mzima na zaidi, na cha kwako kinashuka. Kwa watu wazima utumbo wenyewe huchukua miaka kupona, mara nyingi miaka 2 au zaidi, ingawa watoto hupona haraka. La pili ndilo linalonipa wasiwasi nikisoma kwamba mkate upo mezani kila asubuhi. Naogopa kwamba unakula gluteni kidogo kidogo kila siku bila kujua.

Tazama hesabu. Kipande kimoja cha mkate wa ngano kina gramu 2 za gluteni au zaidi. Utafiti uliowapa wagonjwa waliokuwa wamepona miligramu 50 kila siku kwa miezi mitatu ulikuta utumbo umeanza kuharibika tena. Miligramu 50 ni sehemu 1 ya 40 ya kile kipande. Kiasi ambacho wagonjwa wengi wanakivumilia kinakadiriwa kuwa chini ya miligramu 10 kwa siku, sawa na sehemu 1 ya 200. Kata kipande cha mkate vipande 200 ukiweza. Utakachobaki nacho ni makombo, yaleyale yanayobaki mezani watoto wakishaondoka kwenda shule.

Mgonjwa wangu mmoja alinijia na daftari alimoandika kila alichokula kwa wiki 6. Safi kabisa, hapakuwa na kosa hata moja, na kipimo chake hakishuki. Nikamwomba apige picha za jikoni asubuhi, kabla hajapanguza kitu. Picha moja ilikuwa ya kopo la siagi likiwa wazi. Juu ya siagi kulikuwa na mfereji wa kisu, na ndani ya mfereji ule, ukiangalia vizuri, punje za mkate kama mchanga. Kisu kilikuwa kinapita kwenye mkate wa mumewe kinarudi kwenye kopo, kila siku, na yeye anachota siagi hiyohiyo kupaka viazi vyake. Alinunua kopo lake, akaliandika jina. Kipimo kilichofuata kilikuwa kimeshuka.

Basi anzia hapo. Siagi, jemu, siagi ya karanga, chochote kinachochotwa kwa kisu kiwe na kopo lako peke yako. Tosta isishirikiwe, haisafishiki. Mwiko na kibao cha kukatia vya mbao viwe vyako, kwa sababu mbao ina nyufa. Chujio la tambi nalo vivyo hivyo, maana matundu yake hayatakati. Sponji ya kuoshea iliyosugua sufuria ya unga wa ngano isiguse vyombo vyako. Mafuta yaliyokaangiwa kitu chenye ngano yana gluteni, na maji yaliyochemshiwa tambi vilevile. Ukipika vyakula viwili, anza na chako. Na siku anayotaka kukanda unga wa ngano mtu mwingine, chakula chako kiwe kimefunikwa, kwa sababu unga unaelea hewani na kutua popote.

Kwa upande mwingine, usijitwike mzigo usiohitajika. Sahani, vikombe, vijiko na sufuria za chuma zikioshwa vizuri kwa maji na sabuni zinatosha. Huhitaji jiko la pili. Kumshika mtoto aliyekula biskuti hakukuumizi. Nawa mikono kabla ya kula, basi. Losheni na shampuu hazipitishi gluteni kwenye ngozi. Kinachoingia mdomoni ndicho cha kuangalia, kwa hiyo rangi ya midomo ichunguze. Watu wengi hudhani ukipika sana gluteni inakufa. Haifi, si kijidudu. Moto wa oveni unaoua bakteria unaiacha ilivyo.

Kuna kosa moja ambalo watu makini ndio hulifanya. Mchele, mahindi, mtama, ulezi, uwele, muhogo, viazi, maharage, mayai, samaki, nyama, mboga na matunda kwa asili havina gluteni, na hivi ndivyo viwe uti wa mgongo wa chakula chako. Lakini punje ikishakuwa unga, hali inabadilika. Mashine iliyosaga ngano asubuhi ikisaga mtama mchana, mtama ule una ngano. Unga wa nafaka salama unaweza kukudhuru kuliko nafaka yenyewe, na hakuna jicho linaloweza kutofautisha. Tafuta unga ulioandikwa kwamba hauna gluteni. Kwa kiwango cha kimataifa, maneno hayo yanamaanisha gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kila kilo. Ukikosa, nunua nafaka nzima, ichambue, ioshe, saga nyumbani kwa kisagio chako.

Kwenye lebo, tafuta maneno ngano, shayiri, rai na kimea. Kimea hutokana na shayiri mara nyingi, ndiyo maana bia ya kawaida si yako. Sosi ya soya kwa kawaida hutengenezwa na ngano. Soseji, viungo vya supu vya pakiti na sosi nzito huwa na unga wa kushikia. "Bila ngano" si sawa na "bila gluteni", kwa sababu shayiri inaweza kuwemo. Oti ina habari yake: yenyewe wagonjwa wengi wanaivumilia, lakini ile ya kawaida huchanganyika na ngano tangu shambani, na wachache huumizwa hata na iliyo safi. Wewe iache mpaka kipimo kishuke kabisa, kisha uijaribu iliyothibitishwa ukiwa na daktari wako. Usiogope sharubati ya glukosi wala maltodekstrini hata zikitokana na ngano. Zimesafishwa kiasi cha kutosha. Na vidonge unavyomeza kila siku, vikiwemo vya madini ya chuma, muulize mfamasia wanga uliotumika ni wa nini. Mara nyingi ni wa mahindi au viazi, lakini kitu cha kila siku hakifai kubahatishwa.

Utaambiwa pia kuna vidonge vya vimeng'enya vinavyokata gluteni ili ule utakacho. Havijaweza kumlinda mgonjwa wa siliaki, na ninaumia kila nikiona mtu ametumia fedha zake kuvinunua kisha akala mkate kwa imani. Mkate wa ngano uliochachushwa muda mrefu hautoshi kuwa salama. Aina za kale za ngano nazo ni ngano. Hadi sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kuchukua nafasi ya chakula chenyewe.

Uchovu wako usiubebeshe gluteni peke yake kabla haujachunguzwa. Omba upimwe akiba ya madini ya chuma, si wingi wa damu tu, kwani damu inaweza kusoma vizuri huku ghala likiwa tupu. Omba vitamini B12, asidi foliki na vitamini D. Omba na tezi ya thairoidi, kwa sababu mtu ambaye kinga yake imejishambulia mahali pamoja ana nafasi kubwa zaidi ya kushambuliwa kwingine, na thairoidi iliyolegea huleta uchovu wa aina hiyo. Muulize daktari kuhusu kipimo cha uimara wa mifupa, maana miaka ya kutonyonya kalsiamu huacha alama. Maziwa yakikukorofisha kipindi hiki, usishtuke: kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa hukaa kwenye ncha za vijidole, na vikiota tena mara nyingi uwezo hurudi. Jihadhari pia kuishi kwa mikate na biskuti za pakiti zisizo na gluteni. Nyingi zina nyuzinyuzi kidogo, madini ya chuma kidogo na sukari nyingi.

Siku ukila gluteni kwa bahati mbaya, na itatokea, hakuna cha kuiondoa. Usijitapishe, usinywe dawa ya kuharisha. Kunywa maji, pumzika, kula chakula chepesi kilicho salama. Kosa moja halirudishi miezi yako 9 nyuma. Andika tu ulikula nini na wapi, ili mlango huo uzibwe.

Mama mkwe simlaumu. Kipande anachokuwekea ni upendo, na ukikikataa anahisi umemkataa yeye. Msimulie kisa cha daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Alikuwa akiwatibu watoto wenye ugonjwa wako zamani ambapo hakuna aliyejua chanzo, na wengine walikuwa wakifa. Katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, wakati wa vita, njaa iliingia na mkate ukaadimika. Watoto wengine walikonda; wagonjwa hawa wakapata nafuu. Mkate uliporudi, wakaanza kuugua tena. Dicke alikuwa na shaka hiyo tangu kabla ya vita, na mwaka 1950 akaandika tasnifu yake kuhusu ngano na ugonjwa huu. Kisha mwonyeshe karatasi zako mbili za kipimo, ya zamani na ya sasa. Kuna wazee wasioshawishika kwa maneno ambao namba huwatuliza. Muombe na kazi: siku ya sherehe akupakulie wewe wa kwanza, kabla vijiko havijapita sufuria hadi sufuria, na chakula chako akakifunike yeye mwenyewe. Mlinzi mzuri zaidi mezani ni yule aliyekuwa hakuamini. Kama kitakachopikwa hukijui, kula nyumbani kwanza, ubebe chako, ukakae na watu bila njaa.

Rekebisha jikoni, kisha rudia kipimo baada ya miezi 3 hadi 6. Kikiendelea kushuka, mwendo ni mzuri. Kikigoma au kikipanda, muone mtaalamu wa lishe anayeujua ugonjwa huu mkapitie kila kitu pamoja, na daktari wa mfumo wa chakula aamue kama kamera irudiwe. Usisubiri tarehe hiyo ukianza kupungua uzito bila sababu, kuhara kunakoendelea, homa isiyoeleweka, maumivu yanayokuamsha usiku, au damu kwenye kinyesi. Kinyesi cheusi pia ni cha kuharakishia hospitali, ila mwambie daktari kama unameza vidonge vya chuma, kwa kuwa navyo hukifanya kiwe cheusi. Vipele vya maji vinavyowasha sana viwikoni, magotini au makalioni vinaweza kuwa siliaki ya ngozi. Vionyeshe kabla hujapaka chochote. Na ukifikiria kubeba mimba nyingine, tangulia kuonana na daktari, asidi foliki na damu viwekwe sawa mapema.

Mtoto mpeleke wiki hii. Asubuhi ya kipimo hana haja ya kukaa na njaa. Mwache anywe chai na mkate wake kama siku zote, kwa kisu chao na kopo lao.